Muhuri Hauzai Mamlaka



Katika vilima vya Karuba, kama katika Masisi yote, shamba ni zaidi ya mali. Ni kaburi la babu, ni karo ya mtoto, ni gunia la viazi linaloshuka Sake siku ya soko. Ndiyo maana mtu aliyekimbia vita, akakaa miezi au miaka chini ya shitingi kandokando ya Goma, siku anaporudi kilimani hatafuti kwanza nyumba. Anajua nyumba imekwisha. Anatafuta mpaka wa shamba lake, ile safu ya miti aliyoipanda baba yake. Na wengi wamelikuta shamba lina mtu mwingine, naye mtu huyo ana karatasi mkononi. Karatasi ina sahihi, ina muhuri, na imeandikwa kwamba ni hukumu ya mwisho. Mama aliyerudi anaambiwa kwa upole, na upole huo unauma kuliko tusi: «Kesi ilikwisha, mama. Wewe hukuwepo.»

Swali hili limeletwa katika mikutano yetu mara nyingi, na hatuwezi tena kulizunguka. Je, karatasi hiyo inafunga kila mlango? Hukumu ikiisha kuitwa ya mwisho, mtu anaweza bado kusimama na kusema kwamba aliyeiandika hakuwa hakimu wake? Jibu letu ni kwamba anaweza, na mara nyingine inampasa. Lakini tunaongeza papo hapo: njia ya kufanya hivyo ipo, ina muda wake na ina adabu yake, na panga halimo katika njia hiyo.

Hebu tuanze penye kiti chenyewe. Hakimu hazaliwi na kiti cha hukumu. Anapewa na sheria, na alichopewa kina mipaka. Kuna mpaka wa aina ya jambo, kuna mpaka wa mahali, na kuna mpaka wa watu. Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006 inasema katika kifungu cha 19 kwamba hakuna mtu anayeweza kuondolewa, pasipo mapenzi yake, mbele ya hakimu aliyewekewa na sheria. Kifungu cha 149 kinakataza kuunda mahakama za pekee nje ya utaratibu, hata zikipewa jina gani. Kifungu cha 21 kinadai kwamba hukumu iandikwe, itoe sababu zake, isomwe hadharani, na kila mtu awe na haki ya kukata rufaa.

Sheria ya tarehe 11 Aprili 2013 juu ya mahakama inagawa kazi waziwazi. Mahakama ya amani inasikiliza mambo ya familia, ya urithi, na ugomvi wa mashamba yanayoongozwa na mila, uwe wa mtu mmoja au wa jamaa nzima. Katika makosa ya jinai inashughulikia yale ambayo adhabu yake haizidi miaka mitano ya kifungo. Mambo yasiyokuwa yake, pamoja na ugomvi wa ardhi yenye hati ya usajili, yanakwenda kwenye mahakama kubwa iliyo juu yake. Huu ndio mgawanyo. Kamanda wa kikosi hamo. Mkubwa wa polisi hamo. Afisa wa ofisi ya ardhi anaweza kupima shamba na kuandika mipaka, lakini kuamua nani mwenye haki siyo kazi yake.

Mtauliza: na mwami je? Katiba inamtambua, kifungu cha 207, nasi tunamheshimu. Zamani mahakama za mila zilikuwa na mamlaka kamili, na sheria ya 1982 iliziacha ziendelee mpaka mahakama za amani zitakapowekwa. Hukumu iliyotolewa wakati ule, na baraza lililokuwa na ruhusa ya sheria wakati ule, haigeuki batili kwa sababu nyakati zimebadilika. Lakini leo mwami na wazee wanapoketi chini ya mti, kazi yao ni kupatanisha. Kazi hiyo ni kubwa, na tutairudia mbele.

Sasa lazima tutenganishe mambo mawili ambayo watu wetu huyachanganya kila siku: hakimu aliyekosea, na hakimu asiyekuwa na mamlaka. Hakimu mwenye mamlaka anaweza kusikia vibaya, kumwamini shahidi mwongo, kusoma sheria kinyume. Hilo ni kosa, na dawa yake ni rufaa. Ukiiacha siku ya rufaa ipite, kosa hilo linabaki, nawe unapaswa kulibeba. Asiyekuwa na mamlaka ni habari nyingine. Hata akisema kweli tupu, kweli yake si hukumu, kama vile mtu asiyekuwa padri hata akiyajua maneno yote ya Misa hawezi kuiadhimisha.

Jirani zetu wa Kenya walitoa mfano ulio wazi. Watu watatu walitiwa hatiani kwa wizi wa kutumia nguvu, kosa ambalo katika sheria ya huko linaadhibiwa kwa kifo. Rufaa yao ilisikilizwa huko Malindi na majaji wawili, nao mmoja wao alikuwa ameteuliwa kwa Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Hakuna aliyesema kwamba jaji huyo hakuwa na elimu au uaminifu. Mahakama hizo mbili zina hadhi sawa kwa Katiba ya Kenya. Hata hivyo, mwaka 2015 Mahakama ya Rufani ilisema kwamba hukumu ile ni batili, na tarehe 26 Mei 2017 Mahakama ya Juu ikakubali: hadhi sawa si mamlaka sawa, na jaji wa ardhi hana ruhusa ya kuamua rufaa ya jinai. Ikaamriwa rufaa zisikilizwe upya mbele ya majaji wanaostahili. Angalieni vizuri: watu wale hawakuambiwa kwamba hawana hatia. Waliambiwa tu kwamba bado hawajasikilizwa na yule aliyepasika kuwasikiliza. Kubatilisha hukumu hakumpi mtu ushindi. Kunamrudishia haki ya kuhukumiwa ipasavyo.

Kanisa letu lenyewe linashika fundisho hilo. Sheria ya Kanisa ya 1983, katika kanuni ya 1620, inataja hukumu zenye ubatili usioponyeka, na ya kwanza katika orodha ni ile iliyotolewa na hakimu asiyekuwa na mamlaka kabisa. Katika orodha hiyohiyo imo hukumu iliyotolewa na hakimu aliyeshurutishwa kwa nguvu au kwa hofu kubwa, na hukumu iliyomnyima mtu haki ya kujitetea. Kanuni inayofuata inampa mlalamikaji miaka 10 ya kuomba hukumu hiyo itangazwe batili. Lakini kama kinga, yaani mtu anapoletewa karatasi hiyo ili imdhuru, anaweza kuikataa siku yoyote, bila ukomo wa muda. Tafakarini hekima iliyomo humo: anayeshambulia anawekewa saa, anayejilinda hawekewi.

Na kama twataka kujua gharama ya kuchelewa, tumkumbuke Mtakatifu Yoana wa Arko. Mwaka 1431, akiwa msichana wa miaka kama 19, alihukumiwa mjini Rouen na baraza lililoongozwa na Askofu wa Beauvais, nje ya jimbo la askofu huyo. Aliomba kesi yake ipelekwe kwa Baba Mtakatifu, hawakumsikiliza. Tarehe 30 Mei alichomwa moto. Baadaye Papa Kalisti III aliruhusu kesi ichunguzwe upya, na moja ya hoja zilizoandikwa na wataalamu wa sheria ni kwamba aliyemhukumu hakuwa hakimu wake halali. Tarehe 7 Julai 1456 hukumu ile ilitangazwa kuwa batili. Miaka 25 ilikuwa imepita. Jina lake lilisafishwa, mama yake alipata kufarijika, lakini majivu hayakurudi kuwa mtu. Kwa hiyo anayeona kwamba aliyeketi mbele yake si hakimu wake na aseme siku hiyohiyo, kabla karatasi haijaandikwa.

Tunajua pingamizi linalokuja, tena ni pingamizi la haki. Kama kila hukumu yaweza kuitwa batili, kesi zitaisha lini? Tunamjua mjane aliyetembea miaka akidai shamba la marehemu mume wake. Aliuza mbuzi, aliuza vitenge, akalipa nauli ya kushuka Goma mara zisizohesabika, na mwisho akashinda. Asubuhi moja shemeji mwenye fedha anatokea na wakili na kusema: «Mahakama ile haikuwa na mamlaka.» Hapo neno «batili» linakuwa fimbo ya tajiri ya kumchosha maskini mpaka aache mwenyewe. Kesi inapaswa kuwa na mwisho, kwa sababu asiye na nguvu ndiye anayeumizwa zaidi na kesi isiyokwisha.

Kwa ajili hiyo tunasema mlango huu uwe mwembamba. Mtu asiruhusiwe kuita «ukosefu wa mamlaka» kitu ambacho ni uchungu wa kushindwa. Kama mahakama ilikuwa ya aina inayostahili, naye aliitwa, akaja, akajitetea, wala hakunung'unika juu ya mahali, asije miaka baadaye kusema kwamba kesi ingesikilizwa kilima cha pili. Mlango ubaki wazi kwa mambo mazito tu: aliyeamua hakuwa mahakama kabisa, au alikuwa mahakama lakini jambo lile sheria haikumkabidhi, au mwenye shamba hakuitwa wala kusikilizwa. Mjane yule alikuwa mbele ya mahakama inayostahili na shemeji aliitwa. Basi shemeji anyamaze. Mama aliyekuwa kambini hakuitwa na mtu, basi asikilizwe.

Sasa tuitazame nchi yetu ya Kivu bila kujificha. Tarehe 3 Mei 2021 ilitangazwa hali ile tuliyoizoea kwa jina la «état de siège», nayo ikaanza kazi tarehe 6 Mei katika Kivu ya Kaskazini na Ituri. Mahakama za kijeshi zikapewa kazi ya jinai iliyokuwa ya mahakama za raia. Kifungu cha 156 cha Katiba kinaruhusu jambo hilo wakati wa hatari, kwa muda na kwa makosa yanayotajwa. Lakini kifungu hichohicho kinasema kwamba haki ya rufaa haiwezi kusimamishwa. Kwa hiyo hatusemi kwamba kila hukumu ya kijeshi ya miaka ile ni batili. Kusema hivyo ni kudanganya watu. Tunachosema ni hiki: mamlaka yaliyohamishwa yalikuwa ya jinai. Ugomvi wa mpaka wa shamba ulibaki kuwa jambo la mahakama za raia. Nasi tumeona ugomvi wa mpaka ukivikwa vazi la jinai, jirani akishitakiwa kuwa mharibifu au mshirika wa waasi ili atolewe kilimani, kisha karatasi ya mashtaka ikaonyeshwa kana kwamba ni hati ya shamba. Mtu anaweza kuwa alifungwa kwa haki na bado shamba likawa lake.

Tangu Goma ilipoanguka mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, uzito umeongezeka. Mahakama za Serikali mjini zilisimama, kambi zikavunjwa, watu wakapanda vilima kwa haraka, na mashambani mwenye silaha, wa kundi hili au lile, akawa ndiye anayesema nani alime wapi. Mtu wa kijijini hana la kuchagua. Anapoitwa na mwenye bunduki, anakwenda. Hatumlaumu aliyekwenda. Hata hivyo twasema wazi kwa wote, walioshinda na walioshindwa: uamuzi uliotolewa hivyo haujawa hukumu, hata ukipigwa mihuri kumi. Aliyepewa shamba kwa njia hiyo asijenge humo nyumba ya matofali. Na aliyenyang'anywa asidhani kwamba zamu yake itakuja kundi lingine likifika, maana uamuzi wa bunduki ya pili hautakuwa hukumu kuliko ule wa bunduki ya kwanza.

Wala jambo hili si la vilimani peke yake. Matata Ponyo, aliyekuwa Waziri Mkuu kuanzia 2012 hadi 2016, alifikishwa mbele ya Mahakama ya Katiba kwa ajili ya fedha za mradi wa kilimo wa Bukanga-Lonzo. Tarehe 15 Novemba 2021 Mahakama hiyo ilisema haina mamlaka ya kumhukumu mtu aliyekwisha kuacha cheo hicho. Novemba 2022 Mahakama ileile ikasema inayo. Tarehe 20 Mei 2025 ikamhukumu miaka 10 ya kazi za lazima. Upande wake ulipinga mamlaka hayo, lakini kifungu cha 168 kinasema kwamba maamuzi ya Mahakama ya Katiba hayana rufaa. Hatumtetei mtu, fedha za umma zikipotea, maskini ndiye aliyeibiwa, na kesi ya namna hiyo ilistahili kusikilizwa. Lakini raia wa kawaida anapoona mahakama ya juu kabisa ikisema «hapana» kisha «ndiyo» juu ya mipaka yake yenyewe, anajifunza nini? Asiyekuwa na wa kumsahihisha juu yake ndiye apaswaye kuwa wa kwanza kuogopa kuvuka mpaka.

Basi tufanye nini? Tunapendekeza mambo machache, yanayowezekana hapa kwetu.

Kwanza, kila anayeitwa katika kesi aulize kwa heshima: hii ni mahakama gani, na sheria imeikabidhi jambo hili? Mtume Paulo, alipotakiwa kupelekwa Yerusalemu ahukumiwe huko, hakupiga kelele wala hakutoroka. Alisema mahali anapostahili kuhukumiwa, akaomba kupelekwa kwa Kaisari. Kuuliza swali hilo hakumtukani hakimu.

Pili, tuhesabu siku. Katika kesi za madai, rufaa ni siku 30 tangu kuletewa hukumu rasmi. Katika jinai ni siku 10. Mahakama ya Kasasio huko Kinshasa, katika madai, inafungua mlango kwa miezi mitatu, na ukosefu wa mamlaka ni moja ya sababu inazozipokea. Na mtu ambaye hukumu inamwumiza bila yeye kuitwa katika kesi anaweza kuipinga kama mtu wa tatu mbele ya mahakama iliyoitoa. Mama yetu wa kambini asiambiwe tena kwamba kwa kuwa hakuwepo, mambo yake yamekwisha. Kutokuwepo kwake ndiko kunakompa neno la kusema.

Tatu, aliyepewa karatasi na asiyekuwa mahakama hana haja ya kukata rufaa, maana hakuna hukumu ya kukatia rufaa. Alete dai lake upya mbele ya mahakama inayostahili siku itakapofunguliwa, na wakati wa kungoja aandike: mipaka, majina ya majirani wanaoijua, mwaka wa kukimbia, mwaka wa kurudi. Wanachama wetu wanaojua kuandika wawasaidie wasiojua, bila malipo.

Nne, na hili ndilo tunalolitilia mkazo, turudishe upatanisho mahali pake. Wazee wanapoketi na majirani wawili, nao wawili wakakubaliana kwa hiari kwamba mpaka upite penye mti ule, jambo hilo lina nguvu, kwa sababu nguvu yake imetoka katika mapenzi yao wenyewe. Hilo liandikwe kwa jina lake: mapatano. Lisiitwe hukumu, wala asilazimishwe mtu kulitia sahihi. Siku mzee anaposema «nimekuhukumu», amejivika vazi lisilo lake, na hata wema aliokuwa akiutenda unaharibika.

Tano, anayeshika karatasi ya mashaka aitazame kwa dhamiri yake. Pengine hakuiba, pengine naye ni mkimbizi kutoka kilima kingine, alipewa shamba lisilo na mtu akalima ili watoto wale. Huyo si adui. Lakini anajua moyoni kama aliyempa alikuwa na ruhusa ya kumpa. Na amwite mwenye shamba, waketi, waone mavuno ya msimu huu ni ya nani, na msimu ujao itakuwaje. Mashamba mengi ya Masisi yangeweza kuokolewa kwa mazungumzo ya namna hiyo kabla hakimu hajafika.

Mahakama zitarudi siku moja. Siku hiyo watu watapanga foleni mlangoni, kila mmoja na bahasha yake, na hakimu atakuwa na kazi ngumu ya kutenganisha hukumu na karatasi. Tumsaidie tangu sasa kwa kutoziita hukumu zile karatasi ambazo si hukumu. Na mama aliyesimama penye safu ya miti ya baba yake asiondolewe hapo kwa muhuri ambao hakuna sheria iliyoutuma.